Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Nairobi: Vipeni Vikundi vya Muziki Chumba, Saa na Mwalimu

Kwa Manaibu Chansela, Wenyeviti wa Mabaraza ya Vyuo na Wakuu wa Idara za Masuala ya Wanafunzi,
Vyuo Vikuu vya Umma na vya Binafsi,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: NAFASI YA VIKUNDI VYA MUZIKI KATIKA MAISHA YA MWANAFUNZI WA CHUO KIKUU

Ninawaandikia nikiwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi katika mwaka wangu wa mwisho, na mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya chuo tangu mwaka wa kwanza. Sisomei muziki, wala sina nia ya kuufanya kazi yangu ya kujipatia riziki. Ninaandika kwa sababu jambo lililonifunza mengi chuoni, nje ya hesabu za mihimili na zege, limeachwa lijitunze lenyewe, ilhali linahitaji kidogo sana kutoka kwenu ili liwafikie wanafunzi wengi zaidi. Ombi langu ni fupi: kila chuo kiwape wanafunzi wanaofanya muziki chumba chenye mlango unaofungwa, saa maalumu katika ratiba ya wiki, na mwalimu anayelipwa. Tena chumba hicho kiwe wazi kwa mwanafunzi wa kozi yoyote, hata yule ambaye hajawahi kushika ala wala kusoma nota.

Mnatujua, maana hutuita. Siku ya mahafali tunapangwa kando ya jukwaa mapema alfajiri, tukiwa na majoho tuliyoyapiga pasi usiku, na maandamano ya wahadhiri yanapofika ndipo tunapoanzisha Wimbo wa Taifa. Balozi akizuru chuo, tunaitwa. Jengo jipya likizinduliwa, tunaitwa. Tunakuja kwa moyo mkunjufu, na hakuna hata mmoja wetu anayejutia siku hizo, kwa sababu ni heshima kuimba mbele ya wazazi waliosafiri usiku kucha kuja kuona mtoto wao akivikwa kofia. Ninachowaomba mkitazame ni kile kinachotangulia siku hiyo, wiki baada ya wiki, ambacho wengi wenu hamjapata nafasi ya kukiona.

Katika chuo changu, ambacho sitakitaja kwa sababu nimezungumza na waimbaji wa vyuo vingine jijini na habari zao ni zile zile, mazoezi huanza saa kumi na mbili jioni katika darasa lolote litakalokutwa wazi. Kuna jioni tunapata darasa, tunasogeza viti, tunapasha sauti, halafu mhadhiri anawasili na wanafunzi wake wa masomo ya jioni nasi tunatoka. Tukikosa darasa tunaimbia kwenye ngazi za jengo au nyuma ya maktaba, mpaka askari wa zamu atuombe kwa adabu tuhame, naye hana kosa, kwa kuwa hakuna karatasi yoyote yenye mhuri inayomwambia kwamba tuna ruhusa ya kuwa pale. Mazoezi ya saa mbili hugeuka kuwa ya saa nne kwa sababu nusu ya muda inakwisha katika kuhamahama. Wanaoishi nje ya bewa, huko Githurai, Rongai au Kayole, huondoka kabla ya wimbo kukamilika ili wawahi matatu kabla nauli haijapanda, na mvua ikinyesha hawaji kabisa.

Ala nazo zina shida yake. Ngoma za isukuti huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kwa desturi huwambwa kwa ngozi ya kenge. Ngozi hiyo ni nyembamba na hunywa unyevu upesi. Ngoma zetu hulala hosteli chini ya kitanda cha yeyote anayekubali kuzitunza, na katika msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, sakafu ile haikauki. Ngozi inalegea na mlio unakuwa kama wa kupiga boksi la kadibodi. Siku ya mazoezi inabidi mtu akose chakula cha mchana ili aziweke juani, azigeuze, azigonge kwa ncha za vidole na kusikiliza, azigeuze tena, mpaka zikaze. Kukiwa na wingu mchana kutwa, hatupigi. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa isukuti wa Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi wa kitamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sidhani kwamba chini ya kitanda cha mwanafunzi, kando ya jiko la umeme na ndoo ya maji, ndipo chuo kikuu kinapopaswa kuuhifadhi urithi huo. Rafu ya mbao katika chumba kikavu ingetosha.

Naomba sasa nieleze kwa nini nayaona haya kuwa mambo ya elimu, wala si ya starehe.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapofika Nairobi kutoka Kwale, Busia au Kitui, huingia katika mihadhara ya mamia ya watu ambapo anaweza kumaliza muhula mzima bila mtu kumuuliza jina lake. Wengine sasa husikiliza sehemu ya mihadhara hiyo kwa simu, peke yao, chumbani. Katika wiki zile za mwanzo ndipo mwanafunzi anapoamua, pasipo kujua kwamba anaamua, kama ataishi chuoni na watu au ataishi kando yao. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Robin Dunbar, walichapisha utafiti uliofuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa mapya: baadhi ya madarasa yalikuwa ya kuimba, na mengine ya kazi za mikono na ya uandishi. Baada ya miezi saba watu wa madarasa yote walikuwa wamezoeana kwa kiwango kinachofanana, lakini wale wa kuimba ndio waliozoeana upesi zaidi mwanzoni. Hilo la upesi ndilo linalonigusa. Mgeni katika jiji hili hana miezi saba ya kusubiri.

Mtu ambaye hajawahi kukaa ndani ya kwaya huenda asijue jinsi jambo hilo linavyotokea. Anayeingia bila kujua solfa wala nota tunamketisha katikati ya wawili wanaoijua sauti yake vizuri. Haambiwi aimbe, anaambiwa asikilize, na avumishe kwa midomo iliyofungwa pale anapoona ana uhakika. Mazoezi ya kwanza huwa anafuata nyuma kwa nusu pigo. Ya tatu au ya nne, anaanza kufika mahali pamoja na wenzake. Penye nota ndefu isiyotakiwa kukatika tunagawana pumzi: tunakubaliana nani avute hewa wapi, na anaponyamaza kuvuta pumzi jirani yake anamshikia sauti, kisha naye anamshikia jirani. Msikilizaji aliye mbele hasikii pengo lolote. Kwa mwanafunzi aliyekuwa akila peke yake tangu aripoti, kule kujua kwamba mtu wa kushoto anategemea pumzi yake katika mstari wa pili, na atamuuliza asipokuja Alhamisi, ni jambo ambalo ofisi ya ushauri nasaha, kwa bidii yake yote, haiwezi kumwandalia.

Kuna faida nyingine ambayo katika nchi yetu haifai kutajwa kwa kupita tu. Chaguzi za viongozi wa wanafunzi mmezishuhudia, na mnajua jinsi orodha za wagombea zinavyopangwa kwa hesabu za makabila. Kwaya huwagawa watu kwa sauti. Mwaka jana wimbo wetu wa asili ulikuwa wa Kiluhya, na aliyepewa nafasi ya kuuongoza alikuwa msichana wa Kikamba, kwa sababu sauti yake ndiyo iliyofaa. Alikaa na wenzake wawili kutoka Kakamega wakimrekebisha silabi moja baada ya nyingine, wakimweleza wimbo unaimbwa wapi na nani na kwa nini, mpaka akaacha kuuimba kama mtu anayesoma na kuanza kuuimba kama mtu anayesema. Wimbo wa Taifa tunaouimba katika mahafali yenu ulizaliwa kwa njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1963 jopo la watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilichukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto na kuutumia kama msingi wa wimbo wa nchi nzima. Watu wa asili mbalimbali waliketi na wimbo wa jamii moja wakausikiliza kwa makini. Kazi ya namna hiyo hufanyika katika mazoezi yetu kila wiki, na kwa maoni yangu chuo kisichoitafutia mahali kinapoteza nafasi ambayo hakuna kongamano la utangamano linaloweza kuifidia.

Najua jibu ambalo huja kwanza, kwa kuwa nimelisikia ofisini zaidi ya mara moja: mwanafunzi alikuja kusoma, na mzazi hakuuza ng'ombe ili mtoto aje kuimba. Nalichukua kwa uzito, kwa sababu mzazi wangu ni mmoja wa hao, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hautoshi nyumba nyingi. Lakini tazameni kinachofanyika hasa. Wanaotuacha katika mwaka wa tatu hawatuachi kwa kuwa kuimba kunachukua saa nne kwa wiki. Wanatuacha kwa kuwa hawajui saa hizo zitaanza lini wala kuisha lini, na mtu mwenye ripoti ya maabara ya kuwasilisha asubuhi hawezi kupanga usiku wake kwa kubahatisha. Timu ya mpira wa miguu ina uwanja, ina siku, ina kocha, na hakuna anayeuliza kama wachezaji wake walikuja kusoma. Tukipata chumba kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni, siku mbili zilizoandikwa katika ratiba, tutamaliza kazi na kurudi vitabuni kabla maktaba haijajaa. Ratiba hiyo ndiyo ulinzi bora wa masomo yetu.

Jibu la pili ni fedha, na hapa sitasema mengi. Vyumba vipo, baada ya saa kumi na moja jioni vingi vimefungwa na taa zimezimwa. Ada ya shughuli za wanafunzi imo katika karo tunayolipa kila mwaka. Tunaomba tu sehemu yake ionekane katika shughuli hii.

Kuhusu mwalimu naomba mnisikilize zaidi, maana hapo ndipo mambo mengi hukwama. Muziki wa kwaya unaweza kufundishwa na mtu aliyehitimu, na Nairobi haikosi watu hao: Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki ya muda mrefu, na Conservatoire, shule ya muziki iliyoanzishwa mwaka 1944, bado inafundisha katika uwanja mmoja na Ukumbi wa Michezo ya Kuigiza wa Taifa, mkabala na bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Umbali baina ya Conservatoire na bewa hilo ni wa kuvuka barabara, na ushirikiano ungeweza kuanza kwa barua moja. Lakini anayeijua kwa undani ala ya asili kama nyatiti, orutu au nzumari mara nyingi hana shahada. Aliijua kwa kukaa miaka na mjomba au baba yake. Tulipotafuta mtu wa kutufundisha orutu tulimpata mzee anayeishi hapa hapa jijini, fundi aliyeweza kutuonyesha jinsi ya kuutega upinde ili uzi mmoja utoe sauti ambazo sisi tulidhani zinahitaji nne. Ofisi ikataka vyeti vyake vya masomo kabla ya kumlipa hata nauli. Hana vyeti. Tulichanga wenyewe kwa mwezi mmoja, kisha tukashindwa, naye hakuja tena. Waheshimiwa, wekeni kanuni inayomruhusu fundi wa namna hiyo kulipwa kwa saa kwa ushahidi wa ustadi wake, kama mnavyomlipa fundi wa kuchomelea katika karakana zetu. Tukisubiri apate shahada kwanza, tutakuwa tumesubiri mpaka asiwepo.

Naomba pia niseme neno kuhusu makanisa, kwa heshima kubwa. Kwa miaka mingi kwaya za Wakatoliki, za Waadventista na za muungano wa wanafunzi Wakristo ndizo zilizoubeba muziki vyuoni. Wengi wetu tulijifunza solfa huko, na baadhi ya waimbaji bora ninaowafahamu huimba Jumapili katika kanisa la Mtakatifu Paulo lililo kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini chuo hakiwezi kuyaachia makanisa jukumu lake. Yupo mwanafunzi Mwislamu kutoka Lamu aliyekulia katika kaswida na ambaye mjomba wake hupiga udi; yupo asiye na dini; yupo Mkristo asiyetaka imani yake ihusishwe na uimbaji wake. Wote hao wana haki ya kikundi ambacho mlango wake hauna sharti jingine ila kufika kwa wakati. Nimewaona wakija, wakisimama mlangoni wakati sisi tunafanya zoezi la wimbo wa ibada kwa ajili ya sherehe fulani ya chuo, kisha wakaondoka wakidhani kwamba hapakuwa pao. Kikundi kikiwa cha chuo kwa jina na kwa bajeti, kitalazimika kupanga nyimbo zake kwa kuwafikiria hao pia.

Nchi hii haikuanza jana kulifikiria suala hili. Tamasha la Muziki la Kenya lina mizizi tangu mwaka 1927, na shule za vijijini zisizo na kinanda hupeleka humo kwaya zinazosikilizwa kwa kimya cha heshima. Tume ya Rais kuhusu muziki, iliyoongozwa na Washington Omondi, ilitoa ripoti yake mwaka 1984, na kutokana nayo ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki mwaka 1988. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka serikali ikuze utamaduni wa kila namna kupitia sanaa na njia nyingine. Katika Korogocho, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto ala za okestra tangu mwaka 2008, katika uwanja wa kanisa lililo karibu na dampo la Dandora. Ikiwa mtoto wa pale anaweza kupata fidla, mwalimu na siku ya mazoezi, inakuwaje akifika chuo kikuu, penye kumbi na bajeti na maprofesa, akose mahali pa kulifungulia kasha la fidla yake?

Na watakuja wengi. Mwezi Januari mwaka 2026 kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu za sekondari pevu ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi hilo linatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Miongoni mwao watakuwemo vijana waliotumia miaka mitatu kusoma muziki kama somo kuu, na wengine wengi waliochagua sayansi huku wakiendelea kuimba jioni. Tukiwapokea kwa ngazi za nyuma ya maktaba, watatuuliza, nao watakuwa na haki ya kuuliza, tulikuwa tukijiandaa kwa nini.

Ningependa vilevile mfikirie namna ya kuwapokea wapya. Leo kikundi cha muziki hujitangaza kwa karatasi iliyobandikwa kwenye mti karibu na mkahawa, na mvua ya kwanza huishusha. Katika wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, wanapopangwa mistari kupokea vitambulisho na kuelezwa habari za hosteli na bima ya afya, tupeni meza moja na nusu saa ukumbini. Hatuhitaji kuwashawishi kwa hotuba. Tutawafundisha wimbo mmoja wa mistari minne, kwa sauti mbili, wote kwa pamoja, na wanaotaka kuendelea watajua chumba kiko wapi na kinafunguliwa siku gani. Kikundi kipewe pia ala chache za kuazima kwa sahihi, kama maktaba inavyoazima vitabu, ili anayetamani kujaribu gitaa au kayamba asilazimike kwanza kununua ya kwake.

Mimi nitahitimu kabla lolote kati ya haya halijanifaa. Nimeandika orodha ya ala tulizonazo, hali ya kila moja, na vyumba sita katika bewa letu ambavyo huwa vitupu jioni na viko mbali na maktaba na hosteli, na nimeikabidhi ofisi ya masuala ya wanafunzi pamoja na nakala ya barua hii. Wenzangu wa vyuo vingine wako tayari kuandaa orodha kama hiyo kwa vyuo vyao mkiwaagiza. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataripoti kuanzia Agosti, na tunawaomba mtupe jibu kabla ya hapo, ili mwezi huo tuwe na ufunguo, siku na jina la mwalimu la kuwatajia.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa mwisho,
Mwimbaji wa sauti ya tatu,
Nairobi.

Nakala:
Waziri wa Elimu;
Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu;
Viongozi wa vyama vya wanafunzi.